Nenosiri halijapotea kwa sababu tu umesahau herufi kubwa

Faili yako inakataa kufunguka. Maneno ya nenosiri unayakumbuka, ila si herufi zipi zilikuwa kubwa. Wengi hudhani hapo mambo yamekwisha. Sivyo. Kila herufi ina sura mbili tu, kubwa au ndogo. Chukua mlimamrefu7: ina herufi 10, na tarakimu haiongezi kitu, kwa hiyo michanganyiko yote ni 1,024. Kwa programu ya kujaribu manenosiri hiyo ni kazi ndogo. Herufi 20 hufikisha 1,048,576, na bado inawezekana, ingawa faili nyingine hucheleweshwa makusudi kwa kila jaribio.

Usingoje kudokezwa kwamba umekaribia. Ukikosea herufi moja au zote, jibu ni lile lile.

Kabla ya programu, mimi ningeanza na mazoea ya vidole: Mlimamrefu7, MlimaMrefu7, au mLIMAmREFU7, ile inayotokea Caps Lock ikiwa imewashwa bila wewe kujua.

Akaunti ya mtandaoni ni habari nyingine: nyingi hujifunga baada ya majaribio machache. Huko omba tu kuweka nenosiri jipya.