Warefu wa benchi na nafasi ya senta: yanayodhaniwa na yalivyo

Katika mpira wa kikapu, senta, yaani mchezaji mrefu anayecheza karibu na pete, akiumia, mashabiki wa timu hugawanyika mara moja. Wengine huuaga msimu, wengine husema warefu wawili wa benchi, yaani wachezaji warefu wa akiba, watagawana dakika zake na mambo yataendelea. Naelewa matumaini hayo, lakini mengi yanayosemwa kuyatetea hayana mashiko.

Dhana: Anayefunga pointi 8 kwa dakika 12 atafunga 20 akipewa dakika 30.

Mrefu wa benchi mara nyingi hucheza dhidi ya mrefu mwenzake wa benchi. Akianza mchezo, anakutana na senta bora wa wapinzani, tena ambaye bado hajachoka. Halafu kuna faulo. NBA, ligi kuu ya Marekani, humtoa mchezaji akifikisha 6 katika mchezo wa dakika 48, na sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa, humtoa akifikisha 5 kwa dakika 40. Anayefanya faulo 3 ndani ya dakika 12 anafaa sana kama akiba, kwa sababu zile faulo ni sehemu ya kazi yake. Mwongezee dakika kwa mwendo huohuo, na hata kwa sheria za NBA, ikifika ya 24 yuko nje.

Dhana: Warefu wawili wa wastani ni sawa na senta mmoja mzuri.

Hapa ndipo hesabu huharibika zaidi. Mmoja anakamata ribaundi (mpira uliokosa kuingia peteni), mwenzake anatupa kutoka mbali, lakini anayekuwa uwanjani ni mmoja, na wapinzani hushambulia kile asichokijua huyo aliyepo. Isitoshe, senta mzuri huwabeba wenzake wanne: kizuizi chake humfungulia mtupaji njia, na sauti yake nyuma huwapanga walinzi ambao hawaoni kinachotokea migongoni mwao. Hayo hayaandikwi kwenye takwimu za mchezaji, ila huonekana kwenye matokeo.

Mei 2019, Philadelphia 76ers walicheza dhidi ya Toronto Raptors mchezo wa saba, yaani wa mwisho wa mfululizo wao wa mtoano. Senta wao Joel Embiid alikaa uwanjani dakika 45, na katika dakika hizo timu yake ilikuwa mbele kwa pointi 10. Wakafungwa 92-90. Maana yake ni kwamba katika zile dakika zisizofika 3 alizopumzika, walipoteza kwa pointi 12. Kila mtu anakumbuka mtupo wa mwisho wa Kawhi Leonard wa Raptors uliodunda juu ya pete. Kwangu mimi, mchezo ule uliamuliwa pia Embiid alipokuwa ameketi.

Dhana: Walishinda bila yeye, kwa hiyo wanaweza.

Fainali za NBA za 1970 zinajibu hili vizuri. Willis Reed, senta wa New York Knicks, aliumia paja katika mchezo wa tano, timu ikiwa nyuma. Knicks wakamweka Dave DeBusschere, ambaye si senta, amkabe Wilt Chamberlain, senta wa Los Angeles Lakers, wakawavuruga Lakers kwa kasi na kushinda 107-100. Siku mbili baadaye Lakers walikuwa wamejiandaa: Chamberlain alifunga pointi 45, akakamata ribaundi 27, Lakers wakashinda 135-113. Mbinu ileile ilifaa usiku mmoja tu. Mchezo wa saba Reed alirudi akichechemea, na Knicks wakatwaa ubingwa.

Dhana: Lazima mrefu azibe pengo la mrefu.

Si lazima. Mwaka 1980, senta wa Lakers Kareem Abdul-Jabbar akiwa nje kwa kifundo cha mguu, Magic Johnson mwenye miaka 20 alianza kama senta na kufunga pointi 42 katika mchezo uliowapa Lakers ubingwa. Mwaka 2015 Golden State Warriors walimtoa senta wao Andrew Bogut kikosi cha kwanza katika fainali, wakamwanzisha Andre Iguodala, ambaye si senta, wakashinda michezo mitatu mfululizo. Lakini kumweka Bogut benchi kwa hiari si sawa na kumkosa kabisa. Mwaka uliofuata aliumia goti katika mchezo wa tano wa fainali, na Warriors waliokuwa wakiongoza 3-1 wakapoteza michezo yote iliyobaki na ubingwa. Si yeye peke yake, maana mwenzake Draymond Green naye alikosa mchezo huo wa tano kwa adhabu. Hata hivyo, robo ya nne ya mchezo wa saba ilimkuta mrefu wao wa benchi, Festus Ezeli, akimkaba LeBron James wa Cleveland Cavaliers nje ya mstari wa pointi tatu, akamfanyia faulo LeBron alipokuwa akitupa.

Dhana: Akiba ni akiba milele.

Msimu wa 2023-24 Mitchell Robinson, senta wa Knicks, aliumia, Isaiah Hartenstein wa akiba akachukua nafasi, na timu ikamaliza na ushindi 50. Aliweza kwa sababu alikuwa mpitishaji mzuri wa pasi, na Knicks wakaupanga mchezo wao kufuata alichonacho badala ya kumtaka awe Robinson. Mwaka 2024 Oklahoma City Thunder walimchukua kwa dola milioni 87 za miaka mitatu. Knicks, Robinson akiwa bado majeruhi, wakawatoa Julius Randle na Donte DiVincenzo ili wampate mrefu mwingine, Karl-Anthony Towns.