Mpe mtoto funguo za stoo

Wazazi huniuliza, eti hii klabu ya jioni itamsaidia nini mtoto wangu na mtihani uko hapo mbele? Nimekaa na vijana wa sekondari hapa Nairobi miaka tisa sasa, kila siku baada ya shule, na zamani nilikuwa nawajibu kwamba inajenga kujiamini. Siku hizi nawarudishia swali, kwani huko klabuni mtoto wako ameshikilia nini?

Maana klabu nyingi ni za kukaa tu. Mgeni anakuja na suti, anaongelea uongozi saa nzima, vijana wanapiga makofi, wanapewa soda na keki, picha, kwisha. Nishaandaa semina kama hizo mara nyingi, sitajitoa. Ukiwauliza baada ya wiki mgeni alisema nini, wanakumbuka keki.

Sasa angalia MYSA, chama cha michezo cha vijana pale mtaa wa Mathare, hapa hapa Nairobi. Ilianza 1987, Mkanada Bob Munro na vijana wa mtaa, na wengi wanaijua kwa mpira kwa sababu ndiko ilikotoka Mathare United iliyobeba ligi kuu ya Kenya 2008. Mimi napenda jedwali lao la ligi. Timu inapata pointi ikishinda mechi na inapata pointi ikisafisha mtaa, kuzoa taka, kuzibua mitaro, kwa hivyo unaweza kumpiga mtu mabao matano Jumamosi na bado ukapitwa na timu iliyoshika mabeleshi. Fikiria kepteni wa miaka 14 hapo, aamshe wenzake asubuhi, ajue beleshi liko kwa nani, ambembeleze straika anayejiona staa mpaka aingie mtaroni, na akizembea timu inashuka na mtaa mzima unajua ni nani amewaangusha. Wengine wanakuwa marefa, wengine wanafundisha watoto wadogo, na kazi hiyo inawapatia pointi zinazogeuka karo inayolipwa moja kwa moja shuleni.

Kwetu tunatengeneza redio na simu mbovu. Kuna msichana wa kidato cha pili, mkimya hadi unamsahau, nikampa funguo za stoo na daftari. Mwezi wa kwanza bisibisi tatu zikapotea. Nikangoja aje kulia kwangu, hakuja. Akaweka sheria yake, anayeazima kitu anaacha kiatu kimoja. Wale vijana wakubwa walimfokea weee, yeye katulia tu na daftari lake, na mwishowe ukumbi wote ukawa unaruka kwa mguu mmoja, lakini hakuna bisibisi iliyopotea tena.

Alipomaliza shule akaenda intavyuu ya kujifunza kazi kwenye karakana moja. Sivii za wenzake zinasema wanapenda kusoma na kuogelea (kuogelea wapi, mtaa huu?). Yeye alipoulizwa kama ashawahi kusimamia kitu akawaeleza habari ya viatu, hesabu yote, vilivyotoka na vilivyorudi. Walicheka, wakamchukua.

Shida kubwa ni sisi watu wazima, tunapenda kunyang'anya funguo kukiwa na wageni. Kabla hajamaliza, wafadhili walitutembelea, nami kwa haraka nikaingia stoo mwenyewe nikatoka na mita ya kupimia umeme niwaonyeshe. Nikamkuta mlangoni.

"Mwalimu, samahani. Kiatu."