Do re mi na mtawa Guido: yanayosemwa kwayani Malindi na ukweli wenyewe

Katika kwaya za Malindi utasikia ikisemwa kwamba d, r, m tunazosomea nyimbo ziliandikwa na mtawa Mbenedikti, Guido wa Arezzo. Sivyo. Herufi hizo zilitoka Uingereza karne ya 19, kwa Sarah Glover wa Norwich, kisha John Curwen akazieneza. Sauti ya saba ikaitwa ti kwa sababu jina lake la awali, “si”, lingegongana na s ya sol.

Guido, aliyeishi karne ya 11, alikuwa na sauti sita: ut, re, mi, fa, sol, la. Alizichukua katika wimbo wa Kilatini wa Yohane Mbatizaji, ambao vipande vyake sita vya kwanza hupanda ngazi moja moja. Maneno ya wimbo huo yalikuwepo kabla yake. Sauti ya saba, “si”, ilikuja baadaye sana, na ut ikawa do karne ya 17.

Kosa linaloumiza mazoezi zaidi ni kudhani do ni noti ya C ya kinanda sikuzote. Kwa Guido jambo kubwa ni umbali: kutoka mi hadi fa ni nusu toni (hatua fupi), kwingine kote katika zile sita ni toni nzima (hatua ndefu). Mwalimu akiweka do kwenye F au G, umbali haubadiliki. Kwaya hushuka hapo hapo: mi ikiimbwa chini kidogo, fa huifuata chini, na kufikia ubeti wa tatu kinanda na waimbaji hawapatani tena. Mi iinuliwe, fa iegemezwe karibu nayo.

Mistari ya kuandikia noti je? Ilikuwepo kabla yake. Yeye aliipanga ili noti zikae juu ya mstari na katikati ya mistari, akaweka herufi mwanzoni, na akatia rangi: nyekundu kwa F, njano kwa C. Rangi hizo ni onyo, kwani chini tu ya F na C ndipo nusu toni ilipo. Huu ni ualimu wa hali ya juu kabisa.

Wengine husema watawa wenzake walimshangilia. Huko Pomposa, monasteri yake nchini Italia, walimwonea wivu, akahamia Arezzo. Papa Yohane XIX ndiye aliyemwita Roma amweleze njia yake. Guido aliandika kwamba kabla yake waimbaji walihangaika miaka 10 bila kukamilika, lakini kwa njia yake mwimbaji hukamilika kwa mwaka 1, ikizidi sana 2.

Ule mchoro wa mkono wenye sauti zilizoandikwa vidoleni, unaobeba jina lake, haumo katika maandishi yake yaliyobaki.