Blokucheni haioni kilicho ndani ya pakiti

Wiki jana saa moja jioni keshia wa supamaketi moja ninayoihudumia hapa Kisumu alinipigia simu, foleni imeshafika kwenye rafu ya mikate. "Injinia, mashine inasema huu unga ulishauzwa. Na mimi ndio kwanza naushika." Nikamwambia auweke kando, aendelee na wateja, nakuja.

Nilikuta si pakiti bandia. Iliuzwa Jumamosi, mteja akairudisha bila kuifungua kwa sababu alitaka ya kilo mbili, mtu wa rafu akaipanga tena. Programu niliyoandika mimi haikuwa na mahali pa kusema "imerudishwa". Mfumo ulikuwa sahihi, aliyeutunga ndiye alikosea.

Kisa hiki kinanipa nafasi ya kujibu swali ninaloulizwa sana: blokucheni, yaani daftari la kumbukumbu linalotunzwa na wengi kwa pamoja, inafanya nini kwenye kaunta?

Anza na msimbopau wa kawaida, ile mistari iliyoskaniwa dukani mara ya kwanza Juni 26, 1974, huko Ohio, Marekani, kwenye pakiti ya chingamu. Wa kwetu una tarakimu 13, na ya mwisho ni ya kuhakiki zile zilizotangulia. Unataja aina ya bidhaa, basi. Pakiti elfu moja za unga uleule zinalia "pii" ileile. (Na 616 mwanzoni haimaanishi imetengenezwa Kenya. Ina maana kampuni ilipewa namba na GS1 Kenya, tawi la shirika la kimataifa linalogawa namba za misimbopau.) Tarehe ya mwisho ya matumizi imepigwa wino pembeni, skana haiioni. Nimewahi kuona stoo moja, sitaitaja, tarehe ikifutwa kwa tina na nyingine kugongwa juu yake. Kaunta ilipitisha mzigo wote.

Msimbo wa QR unaweza kubeba zaidi: bechi (mzigo uliotengenezwa kwa mkupuo mmoja), tarehe, na namba ya pakiti hiyo moja. GS1 wanalenga kaunta duniani kote ziwe na uwezo wa kusoma misimbo ya namna hii kufikia mwisho wa 2027. Lakini QR hata wewe unaweza kuchapisha mtaani, kwa hiyo lazima kuwe na kumbukumbu ya kulinganishia. Itunzwe na nani? Ikikaa kwa msagaji, atabadilisha tarehe akitaka. Ikikaa kwa supamaketi, nayo ina stoo.

Hapo ndipo blokucheni inaingia. Kila mhusika ana nakala yake, na kila fungu la kumbukumbu limebeba heshi ya fungu lililotangulia. Heshi ni kama alama ya kidole ya maandishi. Ya aina iitwayo SHA-256 huandikwa kwa herufi na tarakimu 64, na ukigeuza tarehe 30 iwe 31, yote inakuwa nyingine kabisa. Ukichezea fungu la Machi, la Aprili linakukana, na nakala za wenzako zinakuumbua.

Kaunta yenyewe haisubiri mtandao wowote. Mwisho wa mwezi mteja hana subira, na intaneti yetu hukatika mvua ikianza tu. Usiku mashine ya duka huvuta orodha mpya, mchana inalinganisha humohumo, mauzo yanatumwa baadaye kwa mkupuo. Kasoro yake ni kwamba pakiti mbili zenye namba moja zinaweza kuuzwa maduka mawili kabla habari haijafika. Nimeikubali kasoro hiyo, kwa sababu njia nyingine ni foleni mpaka barabarani.

Lakini mnyororo huo wa mafungu hutunza ulichoandika, hata ukiandika uongo. Gunia tupu la sukari ya kampuni inayojulikana lina bei yake. Likijazwa sukari ya magendo iliyopita mpakani Busia, msimbo ni halali na sukari siyo. Ndiyo maana naipenda stika ya mbegu ya KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea na mbegu: mkulima anakwangua, anatuma namba kwa SMS kwenda 1393, na stika iliyokwanguliwa haiuziki tena. Wateja wangu nawaambia washone msimbo kwenye uzi wa mfuko, ili kuufungua ni kuuchana. Hiyo si teknolojia ya kompyuta hata kidogo, na ndiyo nusu ya kazi.

Kama una duka moja na msambazaji mnayeaminiana, usinilipe kwa blokucheni, hifadhidata ya kawaida inakutosha. Faida naiona kwenye kuzuia mzigo mbaya. Novemba 2019 KEBS, shirika la viwango la Kenya, ilipopiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi kwa ajili ya aflatoksini, sumu ya kuvu, chapa nzima zilitoka rafuni. Kuzuia chapa nzima hata msimbopau wa zamani unaweza. Kuzuia bechi moja tu, na kaunta ikatae hata kama pakiti imesahaulika nyuma ya rafu, hauwezi.

Kesho yake asubuhi niliongeza kitufe cha "imerudishwa" nikamwonyesha keshia.

"Nikikibonyeza kimakosa, utanifutia?"

"Haifutiki. Utaandika sahihisho chini yake, yote mawili yabaki."

"Na jina langu litaonekana huko?"

"Hapana, namba ya kaunta tu."

Akaitazama mashine. "Kaunta hii tunaikalia watatu, Injinia."

Sasa naandika sehemu ya zamu.