Bima ya dawa kwa wenye presha na sukari: maswali ya dirishani

Nina presha na sukari, nachaguaje bima?
Anza na dawa zako, sio bei ya kifurushi. Andika jina la dawa yenyewe, mfano amlodipini, losartani, metformini, sio jina la kampuni lililo kwenye boksi, na miligramu zake. Halafu iwe NHIF, yaani bima ya afya ya taifa, au bima binafsi uliza: hizi zipo kwenye orodha yenu? Magonjwa sugu yanaanza kulipiwa baada ya miezi mingapi? Kwa mwaka mnalipa mpaka shilingi ngapi? Famasi gani ya karibu inapokea kadi? Mtu anakaa Mbagala famasi yake ipo Masaki, nauli tu inamshinda.

Kadi bado haijatoka, nisimamishe dawa kwanza?
Hapana. Usisimamishe. Hili ndo tunaliona kila siku, mtu anasubiri kadi wiki ya kwanza ya pili ya tatu, anakuja kubebwa, kiharusi. Bima inasubiri, presha haisubiri. Nunua hata vidonge vya wiki moja, omba za kampuni ya bei nafuu zilizosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa nchini, kiambato ni kilekile.

Ila najisikia mzima kabisa jamani.
Kujisikia mzima sio kipimo! Presha haiumi, inaharibu figo na mishipa ya ubongo kimya kimya. Usiache. Na anayechoma insulini asiache hata siku moja, kwa mwenye sukari ya aina ya kwanza siku chache tu zinatosha kumuua.

Nikimeza nusu dozi ili zifike mwisho wa mwezi?
Nusu dozi ni kuacha dawa kwa mlango wa nyuma. Hela ikipungua mwambie daktari, ipo namna ya kukupangia dawa rahisi. Na tafadhali sana tuache kugawana vidonge na jirani, dawa yake sio yako.

Dawa yangu haipo kwenye orodha ya bima.
Rudi kwa daktari aliyekuandikia, mara nyingi ipo ya kundi hilohilo inayolipiwa. Usibadilishe mwenyewe, na huku unamsubiri daktari endelea na ya zamani.

Mdomo umepinda, mkono hauna nguvu, ila kadi haijaanza kufanya kazi.
Kadi achana nayo, hizo ni dalili za kiharusi. Nenda hospitali ya mkoa iliyo karibu, kwa Dar es Salaam ni Amana, Temeke au Mwananyamala, sasa hivi, hata kama ni usiku, mambo ya malipo ndugu watayaongea mkishafika.