Kinachokosekana si bakteria

Meli ikimwaga mafuta baharini, swali huwa lilelile: mbona hammwagi bakteria wa kula mafuta wakamaliza kazi? Ni kwa sababu tayari wamo. Bahari zote zinao, ila wachache mno, maana siku za kawaida chakula chao ni haba. Mmoja wao, Alcanivorax borkumensis, hana haja na sukari. Anataka alkani, zile nyuzi za kaboni na haidrojeni zilizojaa kwenye mafuta ghafi. Hutoa kitu mfano wa sabuni, tone likavunjika vitone, naye akapata pa kushika. Mafuta yakifika, siku chache tu ameshazaana kupita kiasi. Sehemu zenye sumu zaidi, molekuli zenye umbo la pete, huachiwa bakteria wengine, kina Cycloclasticus.

Kisha wanakwama. Mafuta huwapa kaboni tele, lakini mwili haujengwi bila naitrojeni na fosforasi, na bahari mara nyingi haina vya kutosha. Tarehe 24 Machi 1989 meli ya mafuta Exxon Valdez ilipopasuka mwambani huko Alaska na kumwaga takriban tani 37,000, wanasayansi walinyunyiza mbolea ufukweni. Mbolea kama ya shambani! Bakteria wa palepale wakachapuka.

Wengi huishia hapo wanaposimulia. Mimi ndipo roho inaponiuma, kwa sababu mwaka 2001, miaka 12 baadaye, watafiti walichimba maelfu ya mashimo kwenye fukwe zile na kukuta mafuta bado yamelala chini ya changarawe. Bakteria ni walewale. Kula mafuta ni kama kuyachoma polepole: kunataka oksijeni, na chini kule haifiki. Wapo wanaoweza kula bila hewa, lakini kwao kazi huenda kwa kujikokota.

Kwa hiyo mafuta yakiingia mikokoni, sampuli safi ya maji hainitulizi. Nauliza habari za tope. Chimba kina cha kidole tu: jeusi, linanuka yai viza, hewa imekwisha. Tafadhali, msikimbilie kuingia humo kwa mabuti na koleo, hata kwa nia njema. Kila hatua huyakandamiza mafuta chini, kusiko na hewa, na kuvunja mizizi ambayo mkoko hupumulia. Maboya ya kuzuia mafuta yafungwe mdomoni mwa mkono wa bahari kabla maji hayajaanza kujaa.