Watoto wa mbwa wanaobaki nyumbani siku ya chanjo

Zoezi la chanjo ya kichaa cha mbwa linapotangazwa katika vijiji vya Lindi na Mtwara, wanaoletwa mezani huwa ni mbwa wakubwa: mlinzi wa shamba la korosho, mbwa wa mawindo, jike mzee ambaye kijiji kizima kinamfahamu. Watoto wa jike huyo, wenye umri wa miezi miwili au mitatu, hubaki nyuma ya banda la kuku, na mwenye mbwa akiulizwa habari zao hujibu kwamba hao bado wadogo, watachanjwa mwakani. Mimi ni daktari wa mifugo katika ukanda huu, na nimefikia kuamini kwamba jibu hilo, ambalo watu hulitoa kwa nia njema kabisa, ni mojawapo ya sababu kubwa zinazofanya kichaa cha mbwa kisiondoke kwetu.

Ugonjwa wenyewe hauna masihara. Virusi huingia mwilini kwa mate ya mnyama mgonjwa kupitia jeraha, hufuata mishipa ya fahamu polepole hadi kwenye ubongo, kisha hushuka kwenye tezi za mate na kusubiri mtu au mnyama mwingine wa kung'atwa. Kwa binadamu safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili hadi mitatu, ingawa inaweza kuwa wiki moja au kupita mwaka, na dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufariki. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba katika kila vifo 100, chanzo cha 99 ni mbwa. Walio hatarini zaidi kung'atwa ni watoto, kwa sababu ndio wanaocheza na mbwa na ndio wenye kimo cha kuumwa usoni na kichwani, mahali ambapo safari ya virusi kwenda kwenye ubongo ni fupi.

Pamoja na ukali huo, kichaa cha mbwa hakienei kwa kasi kama watu wanavyodhani. Watafiti waliofuatilia ugonjwa huu katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, wakalinganisha na milipuko ya nchi nyingine, waligundua kwamba mbwa mmoja mgonjwa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja na ziada kidogo, wala hawazidi wawili. Maana yake ni kwamba ikiwa mbwa wenye kinga hawapungui kati ya asilimia 20 na 45 kwa wakati wowote, maambukizi hukatika yenyewe. Kwa nini basi wataalamu tunasisitiza asilimia 70? Kwa sababu asilimia 70 ni hesabu ya siku ya chanjo, ilhali ile ya chini inatakiwa itimie kila siku ya mwaka mpaka zoezi jingine lifike. Tofauti iliyopo kati ya hesabu hizo mbili ni akiba, na akiba hiyo huliwa na vifo vya mbwa waliochanjwa pamoja na kuzaliwa kwa wasiochanjwa.

Chukua mfano wa kijiji chenye mbwa 100, ambao 30 kati yao ni watoto. Wakubwa ni 70, lakini waliokamatika na kufikishwa kwenye chanjo ni 50, na watoto wote wameachwa nyumbani. Ikiwa theluthi moja ya waliochanjwa watakufa kabla mwaka haujaisha, wenye kinga watabaki 33, na nafasi za waliokufa zitajazwa na watoto ambao hawajaguswa na sindano. Kama watoto 20 tu wangeletwa siku ile, waliochanjwa wangefika 70, na kwa kipimo kilekile cha vifo wangebaki wapatao 47. Hata tukikubali kwamba watoto hufa zaidi kuliko wakubwa, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mbwa mgonjwa akiingia kijijini atakwama au atapita.

Na mbwa wetu hufa mapema. Parvo, ugonjwa wa kuhara damu na kutapika unaojulikana tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, huweza kumaliza watoto wa uzao mmoja kwa siku chache. Kupe wa kahawia huleta homa zinazokausha damu, na utawaona wamejazana ndani ya masikio na katikati ya vidole. Mbwa wa mawindo wa Liwale na maeneo mengine yanayopakana na mapori yenye mbung'o hupata ugonjwa wa ndorobo, ambao kwa mbwa huwa mkali kuliko kwa ng'ombe: mbwa huvimba uso, hukonda, na macho hufunikwa na ukungu wa samawati kiasi kwamba mwenyewe hudhani kapigwa jicho au katemewa sumu na swila. Ukiona ukungu huo kwa mbwa aliyetoka porini, mwite mtaalamu siku hiyohiyo, na usimchome mwenyewe dawa ya ng'ombe, kwa kuwa kipimo kinachomfaa ng'ombe kinaweza kumuua mbwa.

Wengi wanaowaacha watoto nyumbani wana hoja ambayo haikutoka hewani. Vibandiko vya chanjo nyingi huelekeza kwamba mbwa achanjwe akiwa na miezi mitatu, kwa kuwa kinga aliyoipata kwa mama yake kupitia maziwa ya mwanzo inaweza kudhoofisha kazi ya chanjo. Lakini jike wengi wa vijijini hawana kinga yoyote ya kuwarithisha watoto, na uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa chini ya miezi mitatu umeonyesha kuwa miili yao huitikia chanjo vizuri. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba katika mazoezi ya kijiji wachanjwe mbwa wote waliopo, watoto wakiwemo, kisha waliochanjwa wakiwa wachanga sana warudiwe wakishatimiza miezi mitatu.

Kuanzia mwaka 2010 mikoa ya kusini mashariki ya Tanzania, Lindi na Mtwara zikiwemo, pamoja na kisiwa cha Pemba, iliingizwa katika mradi mkubwa wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Bill & Melinda Gates Foundation. Pemba ugonjwa ulikatika, ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, ukatokomezwa kwa mara ya pili kwa chanjo ya mbwa. Huku bara kazi ni ngumu zaidi, maana mapori yetu hayana uzio. Katika Lindi na Mtwara sehemu kubwa ya wanyama waliofuatiliwa kwa ugonjwa huu walikuwa mbweha, jambo lililowafanya baadhi ya watu waseme kwamba kuchanja mbwa ni kujisumbua bure. Sikubaliani nao. Uchambuzi wa takwimu hizo ulionyesha kwamba mbwa ndio wanaouendeleza ugonjwa, na kwamba mbwa wakichanjwa, mbweha nao hupata nafuu.

Sasa nije kwenye sababu ambayo watu hawaisemi wazi: wengi hawaleti mbwa kwa sababu hawawezi kuwashika. Mbwa aliyekua bila kufungwa hata siku moja, akivikwa mnyororo asubuhi ya chanjo, atajitupa chini, atauma kamba, atamuuma na anayemvuta. Kumzoesha mbwa kamba ni sehemu ya kinga yake sawa na sindano yenyewe, na kazi hiyo huanza angali mdogo. Kipindi ambacho ubongo wa mtoto wa mbwa hupokea mambo mapya bila hofu ni kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi. Akitimiza wiki nane, mvishe shingoni utepe wa kanga iliyochakaa, uwe na nafasi ya kupitisha vidole viwili, na umvishe wakati anakula ili akili yake iwe kwenye chakula. Atajikuna na kukimbia kinyumenyume, mwache. Akishausahau utepe, fungia kamba nyepesi yenye urefu wa hatua moja na umwache aiburute uani ukiwa unamtazama, isije ikanasa kwenye kisiki. Baada ya hapo shika ncha ya kamba, chuchumaa, mwite jina, na akija mpe dagaa mmoja. Usimvute. Mbwa akivutwa huvuta kwa upande wake, lakini akiitwa na kupewa hujifunza kwamba kamba ikiguswa kuna jema linakuja. Dakika chache kila jioni zinatosha, mradi kazi ifanywe na yuleyule anayempa chakula, kwa kuwa huyo ndiye atakayemsikiliza siku ya kelele na watu wengi.

Mzoeze pia kuguswa masikio, mdomo na ngozi ya shingoni. Chanjo hii kwa kawaida ni mililita moja tu, huchomwa chini ya ngozi iliyolegea kati ya mabega, na mbwa aliyezoea kubanwa magotini na mwenyewe, uso wake ukielekezwa mbali nami, mara nyingi hata hajui kama kachomwa. Kwa mkali, kunja kipande cha kanga, zungusha mdomoni mara moja fundo likiwa juu ya pua, rudisha ncha chini ya kidevu, kisha fungia nyuma ya masikio. Usifunge kwa waya wala usimfunge hivyo kwa muda mrefu juani, kwani mbwa hupoza mwili kwa kuhema mdomo wazi.

Najua pia kwamba katika pwani yetu wapo wanaojizuia kwa sababu za dini, na hilo linastahili heshima. Mate ya mbwa ni najisi kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, na chombo kilichorambwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hata hivyo mafundisho hayohayo yanamruhusu mtu kufuga mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba, na mbwa aliyezoea kamba huletwa kwenye chanjo bila mtu kuguswa na mate yake. Mbwa asiyezoea ndiye anayewalowanisha watu.

Huulizwa mara kwa mara ni mbwa wa aina gani anayefaa kulinda. Kwa maoni yangu, kwa shamba la korosho au nyumba ya kawaida, mbwa wetu wa kienyeji anatosha: ana manyoya mafupi yanayovumilia joto la pwani, anakula kidogo, na anabweka kwa wakati. Mbwa wa Kijerumani ana manyoya mazito na ukoo wake una tatizo linalofahamika la nyonga. Rottweiler, hasa akiwa mdogo, hulemewa na parvo kuliko wengi. Anayewamudu awafuge, ila asidhani kwamba kwa kuwa wa kienyeji amezoea shida, basi kichaa hakimpati. Virusi hivi havichagui ukoo.

Dalili zinazofahamika ni mbwa kuuma ovyo na kutangatanga. Ninayoiogopa zaidi ni ile ya kimya, ambapo taya hulegea, mate hutiririka na mbwa hushindwa kumeza, na mwenyewe, akiamini kuwa mwiba wa samaki umekwama kooni, huingiza mkono mdomoni ili autoe. Usiingize mkono. Mfungie mbwa mahali salama na mwite afisa mifugo.

Mtu aking'atwa, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila kupaka majivu, mafuta ya taa wala dawa ya majani, kisha nenda kituo cha afya uanze chanjo, na umalize sindano zote ulizopangiwa hata kama kidonda kimekauka. Mbwa akiwa hai na anafungika, achunguzwe kwa siku 10. Akifa au akiuawa, asizikwe kabla afisa mifugo hajapewa taarifa, kwa kuwa sampuli ya ubongo ndiyo inayothibitisha ugonjwa.

Yapo mambo mawili ya kupanga mapema. La kwanza ni msimu. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huwa Septemba 28, na Oktoba wengi wetu tunahamia mashambani kuokota korosho, tukiongozana na mbwa. Anayekosa chanjo kabla ya hapo humpeleka mbwa asiye na kinga mahali penye mbweha. La pili ni watoto wanaozaliwa baada ya zoezi. Utafiti uliofanyika hapa Tanzania ulionyesha kuwa chanjo ya mbwa inayotumika sana ilibaki na nguvu hata baada ya kukaa miezi sita katika nyuzijoto 25, kwa hiyo kijiji kisicho na jokofu hakina sababu ya kusubiri mwaka mzima. Jike wako akizaa, mwambie afisa mifugo wa kata tarehe ya uzao na idadi ya watoto, na uwaombe majirani wenye watoto wa umri huo wafanye hivyo pia, ili aje na kichupa kimoja kinachotosha wote na kila mbwa aandikiwe kadi yake.